Nepi Kwenye Bomba la Umeme

12 Oktoba 1954

Daftari hili nimepewa na mke wangu, Salomé. Amesema heri ninung'unikie karatasi kuliko kumnung'unikia yeye, maana ana mimba ya miezi sita na masikio yake yamechoka. Haya, karatasi, sikiliza.

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana. Paa la nyumba yetu hapa kambi ya reli linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kitanda. Mimi ni fundi umeme wa karakana ya reli, Kamina nzima inaniita Constant wa Kuran, yaani wa umeme, na nyumbani kwangu mvua ikinyesha taa inazimika. Watu wana haki ya kucheka.

Mama mkwe wangu, Mama Mbuyu, amefika kutoka kijijini na kikapu cha unga wa muhogo pamoja na mdomo wake. Atakaa mpaka binti yake ajifungue. Kwa desturi ya hapa mkwe hapewi mkono, hatazamwi usoni, wala haambiwi neno moja kwa moja. Baba yangu alikuja Kamina na reli, kwa hiyo desturi hizi nimezijulia ukweni, nusu nusu. Basi nyumba ya vyumba viwili ina watu wazima wawili wanaokwepana mchana kutwa. Akitaka kuni anamwambia Salomé aniambie, na mimi nimesimama mbele yake.

Niseme jambo moja, halafu nisilirudie. Tumezika watoto wawili. Wote walizaliwa kabla ya wakati wao, wakapoa mikononi mwetu. Huyu wa safari hii tunataka akae. Sina kingine ninachokitaka mwaka huu.

15 Oktoba

Tumepewa kazi kubwa. Hospitali imejengewa wodi mpya ya wazazi, na waya wa zamani unaotoka kwenye mashine za umeme za karakana hautauweza mzigo huo. Kabo nene, yaani waya mkubwa, iliyoagizwa imekwama bandarini Lobito. Enjenia wetu, Mbelgiji mrefu asiyejua kukaa kitini, ameamua tutumie kabo nyembamba zilizoko stoo, mbilimbili. Njia yetu ina waya nne: nyekundu, njano, buluu, na nyeupe ya kurudi. Kila palipotakiwa kabo moja nene, tutaweka mbili nyembamba zisaidiane kubeba.

Masharti yake aliyaandika kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Metali ileile, unene uleule, urefu uleule, vichwa vifungwe kwa namna ileile. Mwenzangu Malachie, ambaye nimefanya naye kazi tangu tukiwa vijana, akauliza kwa nini urefu, maana ukikata kona ya ukuta unaokoa kabo.

"Kuran iko muvivu," enjenia akamjibu. "Ukimupa njia mbili, moja mufupi na moja murefu, atapita sana mu ile ya mufupi. Ile itaungua, na mwenzake iko analala tu."

Malachie akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema sasa ameelewa, umeme umefanana na shemeji yake.

21 Oktoba

Tumepima na kukata kabo. Malachie amezipa majina. Kwa Waluba pacha wa kwanza huitwa Kyungu na wa pili Kabange, na anachopewa mmoja hupewa mwingine, hata nguo, hata kofi. Sasa tuna Kyungu mwekundu na Kabange mwekundu, Kyungu wa njano na Kabange wa njano, ukoo mzima umelala uani kwenye matope.

26 Oktoba

Mvua.

3 Novemba

Daraja moja upande wa Bukama limeliwa na maji, na enjenia ameondoka na kiberenge kwenda huko. Alituacha na agizo la kupitisha kabo ukutani, wazi, kwenye vishikizo vya mbao. Lakini mvua hii inapiga ukuta kwa ubavu, na panya wa hospitali ni wakubwa kuliko paka wa hospitali. Mimi na Malachie tukaamua kuzipitisha ndani ya mabomba ya chuma. Sisi huku tunayaita tiyo. Nyuma ya karakana zimejaa tiyo za zamani, zilizotolewa kwenye matumbo ya mashine za moshi. Tukachagua nne zilizonyooka.

Nilimuuliza Malachie tuzigawe vipi. Akanitazama kama mtu niliyemuuliza jua linachomoza wapi.

"Mapasa habaachanishake, Constant. Kyungu mwekundu na Kabange mwekundu, tiyo yabo moja. Ya njano, tiyo yabo. Ya buluu, tiyo yabo. Ya mweupe, tiyo yabo."

Nilikubali upesi: mapacha hawatenganishwi. Ilinipendeza machoni, na nilifurahi kwamba kwa mara moja nimejua desturi ya hapa kabla sijafundishwa.

10 Novemba

Umeme umeingia wodi mpya. Mamère Augustine, mtawa anayesimamia wazazi, aliwasha taa zote, akazizima, akaziwasha tena, akacheka kama msichana. Tiyo zetu nne zinapita kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, zimepakwa rangi ya kijivu, zimenyooka. Nilimleta Salomé azione. Akasema ni nzuri, akauliza kama kuna kiti.

19 Novemba

Mvua. Mama Phébé, mfuaji wa hospitali, amefurahi. Anasema nepi zinakauka vizuri kwenye tiyo zetu.

20 Novemba

Mvua. Nimegombana na fundi wa paa. Sikushinda.

28 Novemba

Imekuja mapema. Salomé alikuwa anapepeta unga asubuhi, akaketi, akaniita kwa jina langu lote. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, mimi nasukuma, Mama Mbuyu nyuma anatembea na mwavuli ameushika juu ya binti yake, yeye mwenyewe analowa.

Ni wawili. Wavulana wawili. Nilisikia sauti ya kwanza, nikapiga magoti, halafu nikasikia ya pili, ndogo, nikabaki hapohapo chini.

Ni wadogo sana. Mamère Augustine amewaweka kwenye kuvezi, sanduku la mbao lenye dirisha la kioo, chini yake balbu zinazowaka mchana na usiku kuwapa joto. Sanduku hilo lilichongwa na seremala wetu wa karakana, na balbu nilizifunga mimi mwezi uliopita, nikipiga mluzi, bila kujua nawafungia nani.

29 Novemba

Majina yao hayahitaji kikao. Kyungu na Kabange.

Wanawake wa ukoo wa Salomé wamefika na kuimba nyimbo za mapacha kwenye korido. Nyimbo hizo ni za matusi, ndiyo desturi yenyewe, na matusi mengi yanamwendea baba. Nimetukanwa kuanzia unyayo hadi utosi. Mamère Augustine, asiyejua Kiluba, alipiga makofi akifuata mdundo na kusema ni nyimbo nzuri za kumshukuru Mungu. Nimecheka, kisha nikatoka nje nikalia. Ninaogopa. Sijui kuandika namna nyingine.

2 Desemba

Mvua. Kyungu amenyonya. Kabange amenyonya kidogo.

3 Desemba

Mvua. Kyungu amenyonya. Kabange amelala tu.

5 Desemba

Mama Mbuyu hatoki hospitali. Amekaa kwenye kigoda mlangoni na kila anayepita na zawadi anamzuia. Mtu alileta kofia moja ya sufu, akamrudisha nayo nyumbani mpaka alete ya pili. Nilitaka kusema kwamba Kyungu anaweza kuvaa leo na mwenzake kesho. Sikusema, si kwa adabu tu. Ananitisha.

6 Desemba

Wameleta mashine ya kuchemshia vyombo vya upasuaji na jiko kubwa la umeme la kufulia, vyote kwenye njia yetu. Tumeviunga asubuhi. Kabo bado zina nafasi ya mzigo, tulishapiga hesabu na enjenia.

Mama Phébé akanishika mkono jioni. "Constant, Mungu akubariki. Sasa bitambaa ya batoto nabiweka, nakunywa chai, biko kavu."

Nami mjinga nikamwambia karibu, mama, ni kazi yetu.

Nimerudi nyumbani, nimekaa na ugali wangu, na neno lake limekataa kushuka. Nepi inakauka juu ya bomba la kabo, kwa mvua hii, kabla ya chai kuisha. Joto hilo linatoka wapi?

8 Desemba

Jana sikuandika. Mikono ilikuwa na kazi. Leo nitaandika yote.

Jana asubuhi nilikwenda chumba cha kufulia kabla ya kuingia kazini. Mama Phébé alikuwa ameinua nepi mbele ya dirisha. Ilikuwa na mstari wa kahawia katikati, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Niliweka kiganja kwenye tiyo ya kabo nyekundu, nikakitoa upesi, inachoma. Ya njano vilevile. Ya buluu vilevile. Kulikuwa na harufu ya mpira unaoanza kulainika, na nyuma ya ukuta ule, kitanda cha tatu, kuna sanduku lenye wanangu.

Nilikimbia kumwita Malachie. Tulikagua vichwa vyote, vimekazwa. Tulipima mzigo wa kila kabo, Kyungu na Kabange wanabeba sawasawa. Kabo ni nzima na chuma kinachemka. Malachie alisema labda ni uchawi, halafu akaomba radhi kwa kusema hivyo.

Nikaenda stesheni, nikamwomba mtu wa simu anipatie Bukama. Enjenia alikuja kwenye simu, mvua ya huko ikisikika nyuma yake.

"Mu kila tiyo muko nini?" akauliza.

"Mapasa, mesié. Nyekundu mbili mu moja. Njano mbili mu ingine. Vile vile mpaka nyeupe."

Akauliza tena, neno moja moja.

"Tiyo ya chuma?"

"Ya chuma."

"Constant, kata kuran. Sasa." Kisha akanieleza, polepole, hata hakupaza sauti. Waya wa rangi moja ukipita peke yake ndani ya chuma, umeme wake unakisumbua chuma kile bila kukigusa, nacho kinachemka. Ukiuweka pamoja na wenzake wa rangi nyingine na ule wa kurudi, wanatulizana, na chuma hakisikii kitu. Basi kila tiyo ilipaswa kubeba familia nzima: nyekundu mmoja, njano mmoja, buluu mmoja, nyeupe mmoja. Mapacha wagawanywe, Kyungu wote huku, Kabange wote kule. "Sikubaambia juu ya tiyo kwa sababu hatukusema tiyo," akasema. "Fanyeni leo."

Kukata umeme maana yake ni balbu za kuvezi kuzimika. Nilirudi hospitali nikiwa nimelowa, sijui kama ni mvua au ni mimi.

Malachie alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka koleo chini.

"Hapana," akasema. "Minyi siachanishe mapasa. Leo hapana. Batoto yako beko mu kisanduku, Kabange hana nguvu, na weye unataka tutoshe Kabange pembeni ya Kyungu kwa mikono yetu? Kama kintu kinafika kwa ule mutoto, nitakuangalia namna gani?"

Nilitaka kumpigia kelele. Sikuweza, kwa sababu na mimi niliogopa. Nilijua ni kabo. Nilizipima mwenyewe. Lakini tangu Oktoba tumeziita kwa majina hayo, na wanangu wanaitwa kwa majina hayo, na nilishazika wawili. Tulisimama pale kufulia, mafundi wawili wa reli wenye koleo na bisibisi, hakuna anayenyoosha mkono.

Mama Mbuyu alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Nikageuza uso ukutani kama inavyopasa. Naye akamgeukia Mama Phébé.

"Phébé, baulize hawa bantu. Mu kijiji ya kwabo, mapasa banabebwaka mu mugongo ngapi?"

Mama Phébé akatuuliza.

"Baambie," akaendelea Mama Mbuyu. "Mugongo moja kwa batoto mbili, mama anaungua na batoto banaungua. Mapasa banabebwa na bamama mbili. Kyungu mu mugongo yake, Kabange mu mugongo yake. Kintu hatuachanishake ndiyo bile bintu banapewa. Huyu maziwa, huyu maziwa. Huyu kofia, huyu kofia. Nani alibafundisha mambo ya mapasa, hawa bawanaume?"

"Anauliza nani alibafundisha," Mama Phébé akatuambia, na macho yake yalikuwa yanacheka.

Malachie akaokota koleo lake.

Mamère Augustine alikuwa na hofu ya sanduku kupoa. Mama Mbuyu hakumngoja amalize. Alimpa Salomé Kyungu, akamvua mtoto nguo na kumlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunga kwa kitenge. Yeye mwenyewe akamchukua Kabange vilevile, akaketi palepale chumba cha kufulia karibu na moto wa makaa, na mimi nikaambiwa kupitia Mama Phébé kwamba nikigeuka nitaona kitu ambacho mkwe haoni, na nitapofuka.

Nikakata umeme.

Tulifanya kazi tangu asubuhi ile mpaka alasiri, uso wangu ukiwa ukutani. Tulizivuta kabo zote nje, tukazipanga upya, tiyo ya kwanza familia nzima ya kina Kyungu, tiyo ya pili familia nzima ya kina Kabange, urefu uleule, vichwa vilevile. Tiyo mbili zikabaki tupu. Mara kwa mara niliuliza, bila kugeuka, "Mama Phébé, mutoto?" Naye alikuwa anajibu, "Iko." Siku nzima neno hilo moja. Kuna wakati alichelewa kujibu na bisibisi ikanidondoka, kumbe alikuwa anakunywa chai.

Tulipomaliza, Malachie alifanya ishara ya msalaba na kuwasha. Mashine ya vyombo ikawaka. Jiko likawaka. Balbu za kuvezi zikawaka. Tukangoja, viganja vyetu vinne viko juu ya chuma, kama watu wanaomshika ng'ombe asikimbie. Tukangoja sana. Baridi. Baridi ya chuma cha kawaida kwenye siku ya mvua.

Malachie alinikumbatia na mafuta yake yote. Na nyuma yangu nikasikia Kabange analia, kwa hasira, sauti ambayo hajawahi kuwa nayo.

"Muambie huyu muntu," sauti ya Mama Mbuyu ikasema, "mutoto iko na njala."

9 Desemba

Kyungu amenyonya. Kabange amenyonya.

10 Desemba

Mvua. Kabange amenyonya mara mbili kabla ya mwenzake. Mama Mbuyu akadai Kyungu aongezewe.

14 Desemba

Enjenia amerudi na matope hadi kiunoni. Aligusa tiyo zote, akatikisa kichwa, akaongeza sharti moja kwa chaki kwenye mlango: kila tiyo, familia nzima. Malachie akaomba chaki, akaandika chini yake: migongo miwili. Enjenia akauliza maana yake, na tulipomweleza alicheka, halafu akaacha kucheka, akasema lisifutwe.

Mama Phébé hataki kunisalimu. "Constant, weye muntu mubaya. Ulikuwa na tiyo ya muzuri, ukaiharibisha. Sasa bitambaa nitakausha na nini?"

25 Desemba

Noeli. Misa, na samaki wakavu wa Kinkondja, na wanangu wawili nje ya sanduku, wamefunikwa tu blanketi. Nilimwambia Salomé kwamba mama yake ni mtu mkubwa. Akasema, "Mwambie mwenyewe." Anajua siwezi. Anafurahia.

3 Januari 1955

Mvua.

16 Januari

Leo wamekuja nyumbani.

Nyumba yote ndani sasa ni nepi tupu. Salomé amezitandaza juu ya viti, juu ya baiskeli, juu ya kamba niliyoifunga kutoka dirisha hadi dirisha, na hakuna hata moja inayokauka. Paa linavuja palepale. Tumesogeza kitanda.

Jioni Mama Mbuyu aliweka mkeka katikati ya chumba, akawalaza watoto wote wawili, akarudi nyuma mpaka ukutani, ili niwachukue bila mikono yetu kukaribiana. Nikainama na kunyoosha mikono yote miwili, nikitaka kuwabeba pamoja.

"Salomé," akasema kutoka kule ukutani. "Muambie huyu muntu. Moja kwa yeye, moja kwa weye."

Salomé akamchukua Kyungu. Mimi nikamchukua Kabange, nikafungua shati, nikamlaza kifuani kama nilivyosikia wakifanya siku ile, na Mama Mbuyu akageuza uso wake ukutani ili nami nisione haya. Tumekaa hivyo mpaka sasa, naandika kwa mkono mmoja. Maji yanadondoka kwenye sufuria. Nepi ni mbichi zote. Mtoto wangu ana joto.